Mti Uliozikwa Ungali Hai

Nimewahi kuukata mti mzima nikidhani naondoa maiti. Ilikuwa Februari, mwaka wangu wa pili Uingereza, nikiwa kibarua wa kampuni moja ya kutunza bustani. Asubuhi hiyo tulipewa kazi tatu: kupogoa mawaridi, kuzoa majani yaliyooza, na mwisho kabisa, kwenye kona ya bustani, kuondoa msonobari uliokauka. Niliuona kwa mbali. Ulikuwa na urefu wa mita nne hivi, umenyooka kama mlingoti wa jahazi, matagaa yamepangika vizuri pande zote, lakini hauna jani hata moja. Misonobari mingine iliyouzunguka ilikuwa na kijani chake kama siku zote. Huu ulikuwa uchi. Na mimi nimekulia Lushoto. Kwetu, msonobari ukiwa uchi watu hawaulizi umepatwa na nini, wanauliza nani atachukua kuni.

Msumeno ulipofika katikati ya shina niliona unga wa mbao unatoka umelowa. Nikaendelea, kazi ni kazi. Mti ulipolala chini, pembezoni mwa kisiki, kati ya gome na mbao, palikuwa na utando wa kijani kibichi kama ganda la ndizi ya kupika. Mzee niliyekuwa nikifanya naye kazi alikuja, akainama, akaukwaruza kwa ukucha, akanitazama, asiseme kitu. Tulikunywa chai kwanza. Ndipo akanitajia jina ambalo sikuwa nimelisikia maishani: metasekwoia.

Juni nilirudishwa kwenye bustani ile kukata nyasi. Kisiki kilikuwa kimetoa vichipukizi saba. Nilivihesabu mara mbili.

Tangu siku hiyo nimeusoma mti huu kama mtu anayelipa deni, na nimegundua kwamba sikuwa wa kwanza kuuandikia cheti cha kifo. Walionitangulia kukosea walikuwa wanasayansi, na wao hawakuukosea mti mmoja. Waliikosea jamii nzima.

Kwanza tuelewane kuhusu hili la kuvua majani. Kwetu mti kuwa uchi si habari. Mbuyu hukaa uchi miezi mingi ya mwaka, na hakuna mtoto wa Dodoma atakayeupita akasema umekufa. Lakini mbuyu hauzai koni. Miti ya koni, yaani misonobari, mierezi, miberoshi na ile mitarakwa ya milimani Kenya, tumeizoea kwa tabia moja: majani yake hudondoka kidogo kidogo, mengine yakiwepo, hivyo mti hauonekani uchi hata siku moja. Ndiyo maana Wazungu huupamba msonobari wakati wa Krismasi. Ni kijani kilichobaki nje.

Zipo jenasi tano tu za miti ya koni ambazo hupukutisha majani yote kila mwaka. Kuna lariksi, mti wa Siberia na wa milima ya kaskazini. Kuna lariksi ya dhahabu ya China, ambayo licha ya jina si lariksi kamili. Kuna taksodiamu, mberoshi wa vinamasi vya kusini mwa Marekani, mti wa jimbo la Louisiana. Kuna ndugu yake wa China na Vietnam anayeitwa gliptostrobasi. Na kuna metasekwoia. Lariksi hutakosea kuitambua: sindano zake zimejikusanya vishada vishada kama brashi ya kunyolea ndevu. Shida iko kwa taksodiamu na metasekwoia, ambazo zimefanana kiasi kwamba hata wauza miche huzichanganya. Yote miwili ni mirefu, ina umbo la pia iliyopinduliwa, majani laini kama unyoya, gome jekundu la kahawia. Chukua kitawi, kiweke kwenye kiganja. Majani ya taksodiamu yamepishana, moja huku, jingine mbele kidogo kule. Ya metasekwoia yamekaa mawili mawili, kila moja na mwenzake, kama safu mbili za maulidi zinazotazamana.

Kutazamana huko kwa majani ndiko kulikofungua kesi nzima.

Mwaka 1941 mtaalamu wa mimea wa Japani, Shigeru Miki, alikuwa akichambua visukuku: majani, vitawi na koni za kale zilizohifadhiwa ndani ya udongo wa mfinyanzi. Waliomtangulia walikuwa wamekwisha kuvitia kwenye makabati mawili, vingine vikaandikwa sekwoia, ile miti mikubwa ya California, vingine vikaandikwa taksodiamu. Miki aliona kitu ambacho wenzake walikipita. Majani yalikuwa yanatazamana. Magamba ya koni nayo yalikuwa yamepangika jozi kwa jozi. Huu haukuwa mti wa kabati lolote kati ya yale mawili, akaufungulia kabati lake mwenyewe na kuuita Metasequoia. Ulikuwa mti wa kwenye udongo tu. Hakuna mtu aliyefikiri kuna hata mmoja uliosimama mahali.

Majira ya baridi ya mwaka huohuo, bwana misitu mmoja Mchina, Kan Duo, alikuwa safarini akapita kijiji cha Modaoxi, mpakani mwa Sichuan na Hubei. Kando ya njia palikuwa na mti mkubwa ajabu uliovua majani yote. Wenyeji waliuita shuishan, tuseme msonobari wa maji, na chini ya shina lake walikuwa wamejenga kihekalu kidogo. Kan hakupata kitu cha maana cha kuchukua, kwa sababu majani yalikuwa yamekwisha kuanguka. Hapa nampa pole mwenzangu. Angalau yeye hakuwa na msumeno.

Ilikuwa wakati wa vita. Japani ilikuwa imeivamia China, serikali ya China ilikuwa imehamia Chongqing, na vyuo vikuu navyo vilikuwa vimehama pamoja na maprofesa wao. Mwaka 1943 bwana misitu mwingine, Wang Zhan, alikuwa akielekea kuchunguza msitu wa Shennongjia alipougua malaria katika mji wa Wanxian. Akiwa pale, mkuu wa shule moja ya kilimo akamsimulia habari za mti wa ajabu wa Modaoxi. Wang akabadili njia. Mwezi Julai, mti ukiwa na majani yake, alichuma vitawi na kuokota koni, akavikausha, akaviandikia jina la gliptostrobasi, kwa kuwa huo ndio mti wa karibu zaidi aliokuwa akiufahamu. Malaria, kwa wale tuliougua, haina wema wowote. Lakini bila homa ile huenda Wang angepita njia yake.

Vitawi hivyo vilikaa. Mwaka 1945 baadhi vilimfikia profesa Zheng Wanjun, ambaye naye aliona yaleyale aliyoyaona Miki, ingawa hakuwa amemsoma: majani yanatazamana, koni zina vikonyo virefu, huu si gliptostrobasi. Lakini profesa mwangalifu hatangazi mti mpya kwa vitawi viwili. Mwaka 1946 akamtuma msaidizi wake, Xue Jiru, arudi Modaoxi. Xue alikwenda Februari, sehemu kubwa ya njia kwa miguu, akaukuta mti uchi lakini umening'iniza vishada vya maua ya kiume kwenye matawi makavu. Akaenda tena Mei. Zheng akatuma sampuli Beijing kwa Hu Xiansu, msomi aliyepata udaktari wake Harvard, mtu ambaye alikuwa na kawaida ya kusoma kila kitu, pamoja na makala ya adui. Hu alikuwa ameiona makala ya Miki. Akaweka majani mabichi kando ya michoro ya visukuku, na mambo yakaishia hapo. Mwaka 1948 Hu na Zheng walitangaza kwa pamoja jina kamili: Metasequoia glyptostroboides. Neno la pili linakumbusha kosa la Wang. Maana yake ni "ufananao na gliptostrobasi". Nimelipenda jina hilo kwa sababu limeyabeba makosa yote mawili, la kudhani umekufa na la kudhani ni mwingine.

Bado watu hubishana nani hasa aliugundua, Kan au Wang, Zheng au Hu. Kwangu ubishi huo ni wa maprofesa. Mti ulikuwa na jina na kihekalu kabla ya yeyote kati yao kuufikia.

Kilichofuata kilikwenda mbio. Elmer Drew Merrill wa bustani ya miti ya Arnold, mjini Boston, alituma dola 250 ili zikusanywe mbegu. Dola 250! Leo hazikutoshi nauli ya ndege. Mbegu zilifika Januari 1948, nyepesi kama pumba, na Merrill akafanya jambo ambalo nadhani ni la heshima kuliko ugunduzi wenyewe: hakuzifungia. Alizigawa kwenye bustani na vyuo vingi vya Marekani, Ulaya na kwingineko. Machi mwaka huohuo Ralph Chaney wa Chuo Kikuu cha California alikwenda Modaoxi mwenyewe, akiongozana na mwandishi wa gazeti la San Francisco Chronicle, Milton Silverman, na habari ikaenea duniani. Jina la kila siku la Kiingereza lilitokana na safari hiyo. Ukilifasiri linakuwa "mti mwekundu wa alfajiri". Mwaka uliofuata China ilibadilika, mlango ukafungwa, na kwa miongo mitatu hivi karibu kila metasekwoia iliyosimama kwenye bustani za nchi za Magharibi ilikuwa mtoto wa mafurushi yale machache. Jambo hilo lina athari zake hadi leo kwa mwenye bustani, nitalirudia.

Msomaji mvumilivu atauliza: kwa nini mti wa koni uvue majani kabisa? Jibu linalopendwa liko mbali sana na China. Mwaka 1985, kwenye kisiwa cha Axel Heiberg, kaskazini kabisa mwa Kanada, karibu nyuzi 80 za latitudo, mahali ambapo leo hakuna mti wowote, vilipatikana visiki na magogo ya msitu wa kale. Havikugeuka mawe. Ni mbao bado, unaweza kuzipasua kwa msumeno na zikashika moto, baada ya miaka kama milioni 45. Metasekwoia ilikuwa mti mkubwa wa msitu ule. Wakati huo dunia ilikuwa na joto zaidi na ncha ya kaskazini haikuwa na barafu, lakini jua lilikuwa linatoweka miezi kadhaa kwa mwaka kama linavyofanya sasa. Basi watu wakasema: mti ulijifunza kuvua majani kwa sababu ya lile giza refu, kama mtu anayezima taa akiondoka nyumbani. Ni maelezo matamu, na mimi mwenyewe nimewahi kuwasimulia watoto. Mwaka 2003, katika jarida la Nature, watafiti waliopiga hesabu ya kaboni walionyesha kwamba mti unaoyaangusha majani yote hupoteza zaidi ya ule unaokaa nayo gizani na kuyachoma kidogo kidogo kwa kupumua. Kwa hiyo habari ya taa si nyepesi kama ilivyosimuliwa. Mti unavua, sababu bado inabishaniwa.

Sasa tuje kwenye uwanja wako, kama uko Leicester, Toronto, Columbus au Malmö na una kipande cha ardhi nyuma ya nyumba.

Jambo la kwanza nalisema kwa sauti: mti huu ni mkubwa. Wenye kitalu watakuuzia mche wa sentimita 40 kwenye chungu, laini, wa kijani cha kung'aa, hadi utamani kuubusu. Mbuyu nao ulianza kama mchicha, lakini mbuyu hukupa muda wa kuzeeka. Metasekwoia haikupi. Ikiwa na maji na jua huongeza sentimita 60 hadi mita moja kwa mwaka. Ile iliyopandwa kutokana na mbegu za 1948 mingi imekwisha kupita mita 25, na mingine 30, ndani ya umri wa mtu mmoja. Upana wake ni mita sita hadi nane, na kitako cha shina hutanuka kikawa na mbavu nene zinazoinua lami na vigae. Weka angalau mita nane kati yake na ukuta wa nyumba, bomba la maji taka au uzio wa jirani. Kama huna mita nane, weka mche wako kwenye chungu, ufunze kuwa bonsai, unakubali sana kukatwa. Au mpe mtu mwenye shamba.

Ukiwa na nafasi, kazi iliyobaki si ngumu. Unataka jua kamili. Kivulini hurefuka ukawa mwembamba kama mtu aliyepona homa. Unapenda udongo wenye kina, tifutifu, wenye uchachu kidogo, usiokauka. Udongo wa mfinyanzi unaustahimili. Udongo wa chokaa hauutaki: majani hugeuka manjano katikati ya kiangazi na mti hudumaa. Ukingo wa bwawa au kijito ndipo mahali pake hasa, na hilo jina la wenyeji, msonobari wa maji, lingetosha kumwongoza mkulima bila kitabu. Ila usiuchanganye na taksodiamu, ambayo husimama ndani ya maji mwaka mzima na kutoa magoti ya mbao yanayochomoza juu ya tope. Mtu wa pwani akiyaona magoti hayo atakumbuka mara moja mizizi ya mchu mikokoni. Watu wa sayansi bado hawajakubaliana kama kweli magoti yale hupumua kama mizizi ya mchu. Kama kiwanja chako hufurika kila mvua, taksodiamu ndiyo yako. Metasekwoia inataka miguu yenye unyevu, haitaki kuzama.

Panda wakati umelala, kati ya Novemba na Machi, udongo ukiwa haujaganda. Shimo liwe pana mara mbili ya mizizi, lakini lisiwe na kina kuzidi chungu ulimotoka. Watu wengi huzika shingo ya mche wakidhani wanaupa nguvu, kumbe wanaunyonga. Matandazo ya magome au majani makavu yasambaze kwa duara pana, yasiguse shina. Kisha maji. Viangazi viwili vya kwanza, ndoo mbili kwa wiki, na mvua ya Uingereza isikudanganye, ile ya kulowesha koti haifiki kwenye mzizi. Mti mchanga ukikosa maji Julai utaanza kudondosha majani Agosti, na jirani atakwambia umekufa. Mwambie asubiri.

Adui mwingine ni baridi ya ghafla. Metasekwoia huwahi kuamka, mwishoni mwa Machi au Aprili, kabla ya miti mingi ya mtaani, na usiku mmoja wa barafu ukija baada ya hapo huyaunguza machipukizi yote yakawa meusi. Inatisha kuona. Hutoa mengine. Ndiyo maana mahali pa bondeni, ambapo hewa ya baridi hutuama kama maji, si pazuri kwa mche, hata kama udongo wake unavutia. Walioko kwenye kiangazi cha joto na mvua, kama mashariki mwa Marekani, wanaona mti huu ukikimbia kuliko sisi wa Uingereza. Huku kwetu hutembea kwa haraka tu.

Kuhusu kupogoa, nina msimamo. Usiuguse, isipokuwa ukitoa vilele viwili. Hapo ondoa kimoja mapema, mti ungali unafikika kwa mkono. Matawi ya chini yaache. Najua wenye mashine za kukata nyasi hawayapendi, maana huwakwaruza uso, lakini watunza miti wengi wameona kwamba shina lililoachiwa matawi yake ya chini ndilo linalotengeneza zile mbavu na yale mashimo ya ajabu chini ya kila tawi, makwapa tunayaita sisi, ambayo hakuna mti mwingine wa bustani ulio nayo kwa namna ile. Mti uliopandishwa sketi mapema huishia na shina kama nguzo ya umeme. Gome lake, ukiuacha, hubanduka nyuzi nyuzi kama kumbi la nazi, na jua la jioni la Desemba likiupiga huwaka wekundu wake wote. Kwa watu wanaosema mti huu hauna kitu majira ya baridi, hilo ndilo jibu langu.

Tena kuvua majani ni faida ya mpangaji wa bustani. Msonobari wa kawaida kusini mwa nyumba hukunyima jua Januari, wakati unalihitaji kuliko chakula. Metasekwoia hukupa kivuli Julai na hukurudishia jua lako Novemba. Vijani vyake hudondoka pamoja na vitawi vyake, vyepesi, vinajipenyeza kati ya nyasi na kuoza. Sijawahi kuvizoa kwa reki. Na kabla ya kudondoka, wiki mbili tatu za Oktoba au Novemba, mti mzima hubadilika kutoka kijani hadi rangi ya hina: kwanza ile nyepesi ya asubuhi ya kufungua, halafu inakolea, inakuwa ya shaba, mwisho ya kutu. Kando ya maji unaiona mara mbili. Kwenye kisiwa cha Nami, Korea Kusini, watu humiminika kutembea katikati ya safu mbili za miti hii kwa sababu ya rangi hiyo, na kwa sababu ya tamthilia ya mapenzi ya mwaka 2002 iliyopigwa picha pale. Wuhan nayo imeufanya mti wa jiji. China yenyewe imepanda metasekwoia kando ya barabara na mifereji kwa wingi usiohesabika, huku ile ya porini, iliyoota yenyewe bondeni kwake, ikibaki maelfu machache tu na kuwekwa kwenye orodha ya kimataifa ya miti iliyo hatarini.

Hapo ndipo ninaporudi kwenye yale mafurushi ya Merrill. Metasekwoia moja iliyosimama peke yake kwenye bustani hujichavusha yenyewe, na mbegu zake nyingi huwa mapepe. Nimewahi kupanda trei nzima nikapata miche mitatu, mmoja wao kibeti. Ukitaka mti wa kumpa rafiki, usihangaike na mbegu. Chukua kitawi cha mwaka huu mwezi Julai, au kilichokomaa mwezi Februari, urefu wa kiganja, kichomeke kwenye mchanga uliolowa kama unavyochomeka pingili ya muhogo, kifunike na mfuko wa plastiki. Hukubali kwa urahisi ambao hutautarajia kwa mti wa koni. Uzuri wake ni huo, na ubaya wake pia: utakuwa umeongeza nakala ileile. Kwa hiyo kama kitalu kina miche iliyotokana na mbegu zilizokusanywa upya China, ilipe bei yake.

Nina jirani, mama wa Mombasa, ambaye alinunua mche mmoja sokoni kwa sababu ulimpendeza. Januari alinisimamisha mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu njoo unitazamie. Mti wangu huu, wauonaje? Mzee asema umekufa, niutupe."

Nikakwaruza kwa ukucha. Kijani.

"Haujafa, mama. Umevua tu. Aprili utavaa."

"Alhamdulillahi. Basi nitaupanda pale, karibu na kamba ya nguo."

Nikamwonyesha paa la nyumba yake, kisha nikanyanyua mkono juu ya paa, kisha juu zaidi, mpaka akaanza kucheka.

"Subhanallah. Na hapo pa kamba?"

"Hapo pa kamba tutapanda mnanaa."

Tuliomba ruhusa, tukaupanda nyuma ya uwanja ambako watoto wa mtaa huchezea mpira, mita kumi na mbili kutoka kwenye uzio, karibu na mtaro usiokauka. Mwaka wa kwanza yeye mwenyewe alikuwa akipeleka maji kwa dumu la lita tano. Sasa ni mwaka wa saba. Aprili iliyopita niliupima kwa ufito uliotiwa alama, na ulikuwa umepita mita tano. Mama yule bado hunipigia simu kila Januari, kuniuliza kama nina hakika.